Pazia la Kishada

Mjomba hakuwahi kufungua jarida la katuni la Kishada bila kwanza kufunika jina la Mwandishi kwa kidole gumba. Kwa miaka ishirini na sita kila toleo lilikuja na maneno yale yale juu: shujaa aliyebuniwa na Mwandishi. Mjomba, aliyemchora tangu picha ya kwanza, hakutajwa popote.

"Yeye aliandika neno moja tu, *anaruka*," alikuwa akituambia. "Aliyemrusha ni nani?"

Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwandishi akihojiwa kwenye televisheni, Mjomba aliondoka sebuleni kwenda kuchonga penseli zilizokwisha chongeka.

Fomu nilimpelekea mimi, kwa kuwa nilikuwa mhariri katika kampuni iliyochapisha jarida hilo. Kampuni ilikuwa imekubali hatimaye kutaja wabunifu wote, mradi Mjomba ajaze majina na kutia sahihi. Aliandika lake kwa herufi kubwa, kisha, kama mtu anayemeza dawa chungu, la Mwandishi chini yake. Alikuwa akipuliza wino ukauke, mkewe akaingia na chai.

"Na pazia langu?" akauliza.

Mwaka ule wa kwanza Mjomba alishindwa kuchora joho la Kishada. Kila akijaribu, lilitoka gumu kama ubao. Basi mkewe akang'oa pazia la jikoni, akalifunga shingoni, akasimama juu ya stuli siku tatu mpaka miguu ikafa ganzi. Yale maua madogo kwenye joho, ambayo watoto wote wanayajua, ni ya pazia lile.

"Kusimama nako ni kubuni, mke wangu?"

"Mwandishi naye ndivyo anavyosema juu ya kuchora kwako."

Mjomba aliichukua tena kalamu. Kisha akaongeza jina la tatu, kwa vijiherufi kama miguu ya sisimizi. Kwenye kiwanda cha uchapaji niliyapanga yote matatu kwa ukubwa mmoja.

Toleo lilipotoka, Mjomba alikuwa amelazwa hospitali. Nikamwekea jarida kifuani. Akafunika jina la Mwandishi, kama kawaida yake. Kidole cha mkono wa pili kikatambaa hadi juu ya jina la mkewe, aliyekuwa amesinzia kitini kando ya kitanda. Kikasita hapo, kikarudi kwenye shuka.

Akanivuta karibu, asimwamshe. Sikupata kusikia neno lake jingine baada ya haya.

"Pazia ni lake," alisema. "Lakini upepo niliutia mimi."