Honi Mbele ya Duka

Hapa Maskati hatushuki garini. Unasimama mbele ya duka, unapiga honi, na mtu anatoka na jua lote lile kuja kukuuliza unataka nini. Kwa dobi hivyo hivyo, kwa muuza chai hivyo hivyo. Nimekulia humo na sikuwahi kuona ubaya wake. Aliyeuona ni mama yangu, aliyezaliwa Unguja na kuja huku akiwa mtu mzima.

"Mie simwiti mtu kwa honi," husema. "Nnashuka mwenyewe."

Nami humcheka, nikimwambia magoti yake yatamuumbua siku moja.

Siku hiyo ilikuwa mchana wa mwezi wa Juni na tulikuwa na haraka. Niseme kweli, mwenye haraka nilikuwa mimi. Fundi wangu wa mabuibui yuko Ruwi na hufunga saa saba, lakini mama alitaka kwanza tui la kopo. Nikasimama mbele ya duka la mtaani kwetu, Khuwair ya Kusini, mkono tayari uko kwenye honi, na yeye keshafungua mlango wa gari. Dakika mbili tu, alisema.

Zikapita kumi. Kiyoyozi kinanipuliza usoni, nami nachemka. Namjua mama, nikajisemea, yuko ndani anamuuliza mwenye duka habari za watoto wake walioko Kerala, mmoja mmoja. Nikapiga honi. Kimya. Nikapiga tena. Mwenye duka akatokeza mlangoni, akaniita kwa mikono yote miwili, kisha akarudi ndani mbio. Hapo nikapandwa na hasira. Yaani leo mimi ndiye wa kuitwa? Nikapiga nyingine, ndefu, mpaka dobi wa jirani akachungulia. Ndipo nikashuka, ufunguo mkononi, maneno ya Kiarabu yamenijaa mdomoni.

Mama alikuwa amelala sakafuni, kichwa juu ya mfuko wa mchele. Mwenye duka alikuwa amemwinua miguu, hathubutu kuiachia. Msichana wa Kiganda, mfanyakazi wa nyumba ya mtaa huo aliyekuja kununua maziwa, alipiga magoti akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Ni mama yako, madam?" aliniuliza. "Ameanguka hapo kwa friji. Lakini sasa anaongea, usiogope."

Nikachuchumaa, nikamshika mama mkono, umelowa jasho. Akafumbua macho. Alilouliza kwanza halikuwa habari yangu, au yeye alidhani si habari yangu.

"Nani yule alokuwa akipiga honi vile? Nnaona kiza, na huku nnamsikia yeye tu."

Mwenye duka hajui Kiswahili. Msichana anakijua. Aliutazama ufunguo mkononi mwangu, akanitazama mimi, akaendelea kupepea.

"Sijui, mama," msichana akamjibu. "Ameshaenda."

Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Mgeni aliyeacha maziwa yake kwenye joto ili amhudumie mama yangu ndiye pia aliyenisitiri, na sikuweza hata kumtazama usoni nimwambie asante. Nilimshukuru mwenye duka tu, kwa Kiarabu, kwa sababu yeye hakuwa ameelewa swali.

Kwenye zahanati walisema sukari ilishuka, wakampa maji ya mshipa, tukaruhusiwa alasiri. Tulipokuwa tunarudi tulipita mbele ya duka lile. Kulikuwa na gari limesimama, linapiga honi, na mwenye duka anatoka. Mama akageuza shingo kumtazama.

"Yule wa honi ya mchana," akasema, "nlikuwa nshaanza kumlaani. Kisha nikajiambia, masikini, huenda na yeye alikuwa na mgonjwa wake, anaomba msaada."

"Huenda, mama," nikamjibu, nikaongeza baridi ya kiyoyozi.