Gauni Jeusi la Alvina Roorda

Alvina Roorda ameusugua Mtaa wa Kwanza wa Zuidhaven, Iowa, kwa miaka hamsini na miwili, na hajawahi hata mara moja kuukuta mchafu. Siku ya sherehe ya kila mwaka, lori la manispaa huupiga maji alfajiri. Saa nne meya huja na koti lake la vifungo vya fedha, hupitisha kidole chenye glavu nyeupe kwenye lami, hukitazama kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi kwenye kioo, kisha hutangaza kwamba mtaa huu ni aibu. Hapo watu mia tatu, wajukuu wa wahamiaji wa Kiholanzi, wenye viatu vya mbao humwaga maji safi juu ya lami safi na kuisugua. Watalii kutoka Omaha hupiga makofi. Wanasema ni kama kufika Uholanzi, ila kuegesha gari ni bure.

Kila jengo letu lina uso uliokatwa ngazi ngazi kwa juu kama nyumba za Uholanzi, hata kituo cha mafuta, hata nyumba ya kuhifadhia maiti. Kinu cha upepo kinazungushwa na mota, na ndani yake ni vyoo. Wiki ya sherehe, mwezi Mei, mji mzima hunuka mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi mno, na sukari ya unga ikikutana na jasho la shingo hugeuka gundi. Nimeishi nyumba ya pili kutoka kwa Alvina miaka thelathini, na kila Mei nayafunga madirisha.

Alvina ana miaka sabini na mmoja. Alifanya kazi kiwanda cha chakula cha nguruwe, akamzika mume, na mwezi Juni atawekewa nyonga ya chuma. Daktari amemwambia mambo ya kusugua basi. Kwa hiyo mwaka wa mwisho ulikuwa huu, na alitaka kitu kimoja tu: asugue akiwa na gauni la bibi yake, Tjitske, aliyekuwa mtumishi wa ndani huko Friesland, mkoa wa Uholanzi, na kusugua sakafu za watu tangu ana miaka kumi na miwili. Gauni lenyewe ni jeusi, zito, na kwenye magoti limechakaa hadi linang'aa. Katika mavazi yote ya Kiholanzi ya mji huu, ndilo pekee lililowahi kuiona Uholanzi.

Lakini husugui hapa bila kukaguliwa. Siku mbili kabla ya sherehe unapeleka vazi ukumbi wa kanisa, kamati inalipima kwa rula, inatafuta zipu na rangi ya kucha. Mkuu wa kamati ni Lorna, binti wa kaka yake Alvina, mwenye kitabu cha michoro ya mavazi kilichochorwa zamani na muuza mapazia ambaye hakuwahi kutoka Iowa.

"Shangazi, hili ni nini?"

"Gauni."

"Naona. La mkoa gani? Humu hakuna jeusi tupu."

"La bibi. La Friesland."

Lorna akafunua ukurasa. Mwanamke mwenye mashavu ya tufaha, aproni ya maua. "Friesland ni bluu."

"Kamwambie Tjitske. Yuko makaburini, mstari wa tatu."

"Usinifanyie hivyo mbele za watu, shangazi. Watalii watadhani tuna msiba. Halafu linanuka."

"Linanuka sabuni na kazi. Wewe unanuka mafuta ya maandazi tangu Jumatatu, nimesema kitu?"

Foleni ikacheka. Lorna akamsukumia gauni la akiba: bluu, la nailoni, zipu imefichwa kwa lesi. Zipu za kamati zinaruhusiwa. Alvina akaliacha mezani, akakunja lake, akaondoka.

Siku yenyewe, saa nne, alikuwa amekaa barazani kwake. Nikampelekea kahawa.

"Husugui?"

"Nangoja uchafuke."

Ukachafuka. Gwaride lilipopita, mtaa ulibaki na mavi ya farasi, haradali, karatasi zenye mafuta, na mbele ya duka la mikate, matapishi ya mtu aliyekula kuliko uwezo wake. Saa kumi Alvina akashuka na ndoo, brashi na gauni jeusi, nami nyuma yake. Akapiga magoti palepale penye matapishi.

Mtalii akainua kamera. "Mama, hili lipo kwenye ratiba?"

"Halipo."

Akaishusha.

Lorna akaja mbio, viatu vya mbao vikigonga. "Shangazi, inuka! Lori litakuja."

"Lini?"

"Kesho alfajiri."

"Basi shika brashi."

Lorna akaishika sketi ya gauni lake la bluu la kamati. "Siwezi. Hili gauni likilowa linatoa rangi."

Alvina akaendelea mpaka lami ikaonekana. Alipotaka kusimama, nyonga ikakataa, na Lorna akalazimika kumkumbatia mzimamzima, gauni jeusi limelowa, linanuka farasi. Alipomwachia, gauni lake mwenyewe lilikuwa limetoa rangi, na mikono ya Lorna ilikuwa ya bluu mpaka kwenye viwiko.

Tulipoondoka naye, nyuma yetu palibaki kipande kisafi cha ukubwa wa meza. Kabla hatujafika kona, mtu alikuwa amekidondoshea soseji.

"Usigeuke," nikamwambia Alvina.

Akageuka, akaitazama vizuri.

"Hivyohivyo," akasema. "Bibi alisema na sakafu za watu zilikuwa hivyohivyo."