Jina la Mwavita katika Kitabu cha Mapishi

Hebu msinitajie Katungu! Nikisikia jina lile, hata leo damu inanichemka. Nitawasimulia kwa nini, wala sitajificha, maana hata mimi sikutoka safi katika habari hii.

Wifi yangu, Mwavita binti Asumani, mke wa marehemu kaka yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa mpishi wa harusi hapa Kindu. Ukisikia kuna ndoa kwa Waislamu wa mtaa wa Kasuku, jua Mwavita yuko nyuma ya nyumba tangu alfajiri, kikwembe kimefungwa kiunoni, anagombana na masufuria na watu. "We, unakata kitunguu ama unakipiga?" Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini wali wake, wallahi! Alichemsha mafuta ya mawese mpaka wekundu ukaisha, akakaangia kitunguu na mchele, akamimina supu ya mbuzi, akalaza majani ya ndizi juu, kisha makaa juu ya kifuniko. Watu walivuka mto kutoka Alunguli bila kualikwa. Kusoma tu ndiko hakujua, hata herufi moja.

Mwaka 1976 umoja wa akina mama wa soko letu uliamua kutengeneza kitabu cha vyakula vya Maniema, wakabidhiwe wageni wa Chama tawala watakaokuja kwa sherehe za Novemba. Sekreteri wa umoja alikuwa Katungu, mke wa tajiri mmoja wa malori kutoka Butembo, mwenye duka na mashini ya kuandika. Alikuwa rafiki wa Mwavita, rafiki wa kuingia jikoni bila kupiga hodi. Zamani aliitwa Elisabeth. Serikali ilipofuta majina ya Kikristo alikuja kulia kwetu, na wifi akambembeleza kutwa nzima. Kwa hiyo mimi sikumdhania vibaya hata kidogo.

Katungu akazunguka na daftari. Kila mama anasema chakula chake, yeye anaandika chakula na jina la mwenyewe. Sasa mjue desturi ya wapishi wa kwetu: mtu wa nje humfundishi vyote, unaacha kimoja. Basi kila mama akaacha chake. Huyu akajifanya amesahau chumvi ya majivu, yule akaficha kinachotwangwa pamoja na sombe yake, yale majani ya muhogo. Mwavita peke yake alisema vyote, hata muda wa makaa ya juu.

"Wifi, mbona unajimaliza?" nikamnong'oneza.

"Jina langu litakaa pale juu ya wali. Sasa watu wapike kibaya, na jina langu iko pale? Hapana, mutoto."

Hicho tu ndicho alichokitaka. Hakujaliwa kuzaa, na kaka alikuwa ameshakufa. Alitaka jina lake libaki mahali fulani, limeandikwa.

Kitabu kikatoka: kurasa arobaini zinazonuka wino, jalada la kartoni ya kijani. Katungu alimletea wifi nakala yake kwa mikono miwili, anacheka. Alipoondoka, wifi akaketi mkekani. "Nisomee. Jina langu iko wapi?"

Nikafungua. Wali wa harusi ulikuwa ukurasa wa tisa, neno kwa neno kama alivyosema. Chini yake pameandikwa: Sitwayeni Katungu, yaani Mwananchi Katungu, kama serikali ilivyotaka tuitane siku zile. Nikatafuta mbele, nikatafuta nyuma. Mwavita hakuwemo popote, hata kwenye shukrani. Nikamtazama, macho yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto siku ya Idi. Nikashindwa. Nikakishika kidole chake, nikakiweka juu ya jina la Katungu.

"Ni hapa, wifi."

Nilijiambia kwamba ni huruma. Huruma gani? Ulikuwa woga mtupu.

Miezi mitatu alikitembeza kitabu kile. Mgeni akiingia, hata maji hajapewa, ukurasa wa tisa umeshafunguliwa na kidole kiko pale: "Ona, ni mimi huyu." Wasiojua kusoma walimpongeza. Waliojua walinitupia jicho, kisha wakasifu chai. Nani angetaka ugomvi na Katungu, na siku zile chumvi ilipatikana dukani kwake tu?

Ikafika Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima, tunafagia soko. Mama Matata, muuza samaki, akapaza sauti: "Kile kitabu ni bure kabisa! Nimepika vyote, hakuna kinachotoka. Wali wa Katungu peke yake njo unatoka vizuri."

Wenzake wakaitikia, eh, ni kweli. Mwavita akasimama na ufagio wake.

"Wali gani wa Katungu?"

"Si ule wa majani ya ndizi."

Akautupa ufagio. Akapita nyumbani kuchukua kitabu, akanikamata mkono, huyo mpaka dukani. Katungu alikuwa anapimia watu chumvi.

"Mama Katungu, watu wanasema wali wangu ni wako. Waambie ukweli. Jina langu njo hili." Akaweka kidole ukurasa wa tisa, mbele ya wateja wote.

Katungu akakitazama kidole, akawatazama watu. Nikadhani atatahayari. Loo! Yule mwanamke hakupepesa hata jicho.

"Hapo pameandikwa Katungu," akasema. "Na wewe, mama, kusoma hujui. Jina ungelifanyia nini?"

Mtu mmoja akacheka. Nilitamani kumrarua Katungu palepale. Wifi, mwenye mdomo ule, alibaki ameinamia ukurasa, kidole palepale. Kisha akageuza kichwa taratibu, akanitazama mimi.

"Jamila. Nani aliniwekea kidole hapa?"

"Ni mimi, wifi."

"Nilipika harusi za watu miaka sita ili wewe usome."

Akafunga kitabu, akakiacha juu ya meza ya Katungu, akatoka. Tuliendelea kuishi nyumba moja mpaka alipofariki, na hakunitukana hata siku moja. Lakini barua zake zikija, alivuka mto mpaka Alunguli akasomewe na mtu asiyemjua.