Fundo la Mvuvi

Mchwa wa Kisangani hawana haraka, lakini wakishika kazi hawaachi hata nukta. Jumamosi moja tulifungua sanduku la mbao la kundi letu la skauti, kwenye chumba kidogo nyuma ya shule, tukakuta ndani mji mzima wa udongo mwekundu, una barabara na makutano yake. Barabara zenyewe zilikuwa nzuri kuliko ile ya kwenda kiwanja cha ndege cha Bangboka, na sitaki mtu anibishie. Vitabu vyote vya maendeleo ya watoto vilikuwa vimeliwa. Kuwasha moto, kupiga kambi, huduma ya kwanza, yote yalikuwa tumboni. Nilisema mchwa hao sasa wamefaulu mitihani kuliko sisi sote, tuwavalishe skafu. Hakuna aliyecheka.

Kitabu hicho tunakiita kwa Kifaransa, carnet. Mdomoni mwetu kinatoka kama karne, na si uongo, maana kukijaza kunachukua karne. Mtoto akifaulu jambo, linaandikwa humo na chef, kiongozi wa kundi, anatia saini. Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Nilipewa ukatibu siku ile ile niliporudi na diploma yangu ya shule ya jioni, shule niliyoimaliza nikiwa na umri wa kuitwa papa, yaani baba, na mwalimu mwenyewe. Chef wetu, mpakuzi wa mizigo kiwanja cha ndege na mwimbaji wa kwaya, alisema mtu mwenye diploma hawezi kukaa bure bila kalamu.

Aliyeumia zaidi mbele ya sanduku lile alikuwa kiongozi wa doria ya wasichana. Baba yake ni fundi wa nguo, Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini, na skafu zote za kundi zilipita chini ya sindano yake. Binti ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Alikunja pindo, alishona vifungo, alikata nyuzi. Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwake kundini, kwa umri, na kambi ya Yangambi, ambayo watu huiendea kwa mashua, ilikuwa inakaribia. Alikuwa ameiomba nyumbani mpaka baba akachoka.

"Bon," fundi alimwambia. "Carnet ikijaa, unaenda. Isipojaa, unabaki na mashine."

Fundi huyo hajawahi kurudi nyuma kwenye neno lake, hata la bei ya suruali.

Binti alichukua kipande cha jalada lake, kile tu kilichobaki, akapuliza udongo, akanigeukia mimi, mjomba wa kundi zima. "Tonton, yangu ilikuwa imebakia saini moja."

"Ya nani?"

"Ya kamishina. Basi."

Chef alimpigia kamishina wa wilaya simu pale pale, kwa sauti ile ya kiwanja cha ndege, ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Kamishina alikubali carnet mpya ziandikwe. Jumamosi iliyofuata angekuja mwenyewe, na kila mtoto angeulizwa jambo moja tu kati ya yale tuliyosema amefaulu. Akilifanya, angesaini yote. Akishindwa, carnet yake ingesubiri mwaka ujao. Kwa binti wa fundi mwaka ujao haukuwepo.

Niliandika wiki nzima. Kidole changu kilivimba kama ndizi ya Yangambi. Nilipofika kwenye mstari wa mafundo nilitabasamu, kwa sababu mstari ule una historia.

Mwongozo wetu ni wa Kifaransa, na humo kuna fundo linaloitwa nœud de pêcheur. Sasa, kwa Kifaransa, mvuvi na mwenye dhambi hutofautiana kwa kikofia tu juu ya herufi, na nakala yetu, iliyopigwa fotokopi ya fotokopi, haikuwa na kofia, wala picha haikuonekana, weusi mtupu. Chef, kwa moyo wake wa kwaya, alishikilia kwamba ni fundo la mwenye dhambi. Alitufafanulia hata jinsi dhambi inavyomfunga mtu. Mimi nikasimama na diploma yangu. Nilisema hapana, ni mvuvi, na nilieleza habari ya kikofia mpaka watoto wakapiga makofi. Nilishinda. Ushindi huo ndio uliotupeleka pabaya, maana kama ni fundo la mvuvi, na sisi tunaishi Kisangani, tutalitafuta wapi tena? Tulikwenda moja kwa moja kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya mto wetu.

Mvuvi mmoja alitupokea pale maporomokoni, penye miti yao mikubwa iliyosimama katikati ya maji makali, imefungwa kwa kamba za msituni. Aliwafundisha watoto wetu fundo la miti ile: unazungusha, unakanyaga kwa mguu, unavuta mpaka mishipa ya shingo itoke, unapenyeza ncha. Binti wa fundi alilishika kabla ya wote. "Mutoto wa fundi hashindwake na fundo," mvuvi alisema, na msemo huo ulikaa kundini kama wimbo. Tulifunga kwa fundo hilo kila kitu chenye miguu. Nguzo ya bendera ya shule tuliifunga hivi kwamba tetemeko la ardhi lingebidi kwanza liombe ruhusa.

Jumamosi ikafika. Kamishina alikuja amepakiwa kwenye toleka, baiskeli zetu za abiria, suruali imekunjwa isinaswe na mnyororo, mwongozo mpya unang'aa kwapani. Fundi naye alikuja, futi ya kupimia bado shingoni. Alisema amepita tu. Mtu hapiti tu kwenye shule iliyo upande mwingine wa mji na duka lake, lakini tulimpa kiti. Ilikuwa karibu na kufunguliwa kwa shule, na kila mtu mjini alijua nguo za wanafunzi zilivyomjaa dukani. Bila binti yake, wiki ya kambi angekesha na mashine.

Zamu ya binti ilipofika, kamishina alifunua kitabu. "Nœud de pêcheur."

Nilitaka kuruka kwa furaha. Chef aliniminya mkono. Binti alichukua kamba, akasogeza benchi kwenye mguu wa meza, akazungusha, akakanyaga, akavuta. Benchi na meza vikawa kitu kimoja. Akasimama wima na kupiga saluti.

Kamishina alizunguka meza. "Hii ni nini?"

"Nœud de pêcheur, chef."

"Hapana, ma fille. Hii ni ya kujenga daraja." Akageuza kitabu chake. Humo picha ilionekana vizuri: kamba mbili nyembamba, zimeungwa ncha kwa ncha.

"Nilikuambia ni ya mwenye zambi," chef alininong'oneza. Kunong'ona kwake kunasikika mpaka ng'ambo ya mto.

"Chef, Wagenia wako bavuvi," binti alimwambia kamishina. Sauti ilikuwa imeanza kupungua. "Hii ni fundo yao."

"Ninakubali. Lakini haiko ya kitabu, na mi siwezi kusaini kitu sijaona." Hakusema kwa ukali. Ilikuwa afadhali angesema kwa ukali, tungemchukia kidogo tukapumua.

Mwongozo ukapita mkono kwa mkono, kila mtu akitazama picha ile kama cheti cha kifo, mpaka ukamfikia fundi. Alivaa miwani. Alitazama. Nikaona kidole chake gumba na cha shahada vinasuguana vyenyewe kwa vyenyewe, kama vinatafuta kitu. Kisha akamtazama binti yake, akatazama barabara ya kurudi dukani, akamtazama tena. Kamishina alikuwa amekwisha inua kalamu kwa mtoto mwingine.

"Mama," fundi alimwita binti yake, jinsi baba za kwetu huwaita binti zao. "Uzi ikikatikaka katikati ya kazi, unafanyaka nini?"

"Papa, hapa haiko atelier ya kushona."

"Najua. Nauliza tu."

"Papa," kamishina akasema, "kusaidia haiko."

"Simusaidie. Nauliza juu ya uzi yangu. Ni zambi?"

Chef alicheka peke yake, kicheko cha ndege inayoruka. Binti hakucheka. Alikuwa amekwisha kamata kamba mbili. Ncha ya kwanza akaifunga juu ya kamba ya pili, ncha ya pili akaifunga juu ya kamba ya kwanza, akavuta. Vifundo viwili vidogo vikatembea, kila kimoja upande wake, vikakutana katikati na kugandana. Hakuwa ametazama mikono yake hata kidogo. Alimtazama baba.

Kamishina alivuta kamba, akalinganisha na picha, akavuta tena. "Hii nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu. Kwetu tunaiitaka fundo ya papa."

Alisaini. Kalamu ilikwaruza karatasi kwa sauti tamu kuliko kwaya yote ya chef. Meza na benchi vilibaki vimefungwa, na mpaka leo mwalimu wa darasa lile hukaa karibu mno na kazi yake.

Asubuhi ya safari tulishuka mtoni. Carnet mpya zilikuwa zimevishwa majalada ya vitambaa vilivyobaki dukani, rangi zote za dunia, na tangu hapo fundi ndiye anayetutunzia, zimening'inia kwenye msumari, mbali na mchwa. Alibeba mfuko wa binti yake mpaka ukingoni, halafu akawa hauachilii.

"Nguo za batoto ya masomo ziko zinangoja," alimwambia.

"Najua, papa."

"Mi niko peke yangu."

Binti aliuchukua mfuko taratibu kutoka vidoleni mwake, akapanda mashuani, akajipenyeza kati ya magunia na wenzake. Injini ilipowaka alisimama, mikono mdomoni.

"Papa! Uzi ikikatika, si unajua namna ya kufanya?"

Fundi aligeuka kwangu, futi shingoni, macho yamejaa maji na mdomo umejaa kicheko. "Ona huyu mutoto," aliniambia. "Ona tu."