Kisu Kilichoazimwa Mara Moja

Watu wakiniona natoa kisu mkobani kukata uzi au kufungua kifurushi, hucheka. Mwanamke mtu mzima na kisu cha kukunja, wapi na wapi? Huwa nawajibu kuwa ni cha mume wangu, nao hudhani nimemchukulia tu bila kuomba, kama wake wengi tunavyofanya. Nawaacha wadhani hivyo. Nikianza kueleza nitakasirika upya, na hasira zangu hazina breki.

Mume wangu ni fundi wa kuvalisha viti. Kwa miaka kumi na saba alifanya kazi kwenye karakana ya samani, mtaa wa pili kutoka kwetu, na pale alikabidhiwa meza ya kukatia ngozi. Si mtu wa maneno mengi. Ukimsalimia asubuhi, jibu utalipata karibu na mchana. Ila ukimgusia habari ya kisu chake, ungedhani anamzungumzia binti yake aliyefaulu mtihani.

Alipewa na mjomba wake, mshona viatu. Mpini wake ni wa pembe, mweusi pembezoni na wa rangi ya asali katikati, umekazwa kwa misumari mitatu midogo ya shaba. Chuma chake si kirefu kuliko kidole changu cha kati, kimenolewa mpaka kimekonda. Ukikifungua kinalia mara moja, tk, na ukikikunja springi inakivuta kwa nguvu, kwa hiyo lazima uwahi kuondoa vidole. Kilikaa mfuko wa kulia wa suruali kila siku, hata kwenye harusi na misiba. Suruali zake zote zilitoboka mahali pale pale, nami nikazitia viraka kwa ndani mpaka nikachoka. Kila Jumapili asubuhi alikaa mlangoni na jiwe lake, akakinoa, kisha akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Nikipita nilimpiga dongo: "Mke mwenzangu keshaoga?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Bado kujipaka mafuta."

Hakukiazima. Ukitaka kukatiwa kitu, lete, akukatie. Haukuwa uchoyo. Alisema kila mkono unazoeza makali kwa namna yake, na mkono wa pili ukiingia unayavuruga.

Mkono wa pili kuingia ulikuwa wangu. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu, yeye yuko bafuni, mimi nimeshindwa na kifuniko cha kopo la rangi. Nikachomoa kisu kwenye suruali iliyoning'inia mlangoni, nikabanjua. Kifuniko kilitoka, na kipande cha makali karibu na ncha kikatoka nacho, kidogo kama nusu ya punje ya mchele. Nilimwonyesha alipotoka bafuni. Alikitazama, akapitisha ukucha juu ya pengo, akasema, "Basi sasa kina alama yako."

Hakulinoa likaisha, maana angekula nusu ya chuma. Tangu hapo kila ngozi aliyoikata ilikatika safi, ila kwenye unene wake ulibaki mstari mmoja mwembamba, kama umekwaruzwa. Karakana nzima waliujua mstari ule. Mimi niliujua kuliko wote, kwa sababu niliuona kwenye mikanda yangu, kwenye ndala za watoto na kwenye kamba ya kuning'inizia saa ya ukutani.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Mama alitutoka mtoto huyo akiwa na miaka minne, mimi nikiwa na kumi na mitatu, nikamlea. Nilimbeba mgongoni akiwa ameshakuwa mzito wa kubebwa. Alikua na ulimi mtamu na mikono mivivu, na kila kazi aliyoishika ilimponyoka. Nilimkalia mume wangu kooni amfundishe ufundi, mpaka akakubali ili apate kulala. Akampeleka karakana, akamfundisha kunyoosha ngozi, kushona na kupigilia. Alijifunza vyote isipokuwa kumaliza. Juu ya kiti angeng'arisha mpaka ujione, chini anaacha wazi, ncha za ngozi zinaning'inia, eti nani atachungulia. Mume wangu alikuwa akimwambia, "Shemeji, kiti nacho kina tumbo, kivalishe." Walicheka pamoja. Kwa miaka sita walikula chakula cha mchana kwenye benchi moja.

Jioni moja mume wangu alirudi, akashika chungwa, akaniomba kisu cha jikoni. Nikamtania, "Mke mwenzangu kalala wapi leo?" Akasema, "Kaenda kusalimia ukweni." Tukacheka, mimi nikaendelea kukunja nguo, na maneno yale yakanitoka kichwani.

Siku tatu baadaye alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akaweka kisu juu ya kabati, akakaa. Ilinichukua muda kumtoa maneno. Mteja mmoja alileta ngozi nzima ya kahawia kwa ajili ya viti vyake, na ilipokunjuliwa, kipande kikubwa kama mlango kilikuwa kimekatwa na hakipo. Msimamizi akaitandaza mezani, akawaita mafundi wote, akauliza nani ameikata. Mume wangu akainama, akautazama ukingo, akasema, "Hiki ni kisu changu."

Mtu mwingine angeuona mkato wake na angekauka kau. Yeye hakuweza kuukana, hata kwa dakika moja, hata shingo ikiwa kwenye kitanzi. Msimamizi akauliza kama kuna mwingine anayekitumia kisu kile. Mume wangu akanyamaza, na mdogo wangu akajibu badala yake: "Shemeji hakiazimi kisu chake. Miaka yote hii sijawahi kumwona akimpa mtu." Unga ukamwagika pale pale.

Maneno hayo ya mwisho mume wangu hakunisimulia. Niliyapata kwa mdogo wangu mwenyewe, alipokuja jioni ile kunipa pole. Alisema alijitahidi kumtetea, akawaeleza jinsi shemeji yake anavyokitunza kisu, wajue wanamfukuza mtu makini. Nami nikamshukuru. Nilimpikia chai, nikamshukuru tena.

Hapa ndipo ninapojionea aibu, na ni afadhali niseme kuliko kuzungukazunguka. Nilijua kisu hakitoki mfukoni. Mstari niliujua. Nikaweka moja na moja kama msimamizi alivyoweka, na nikafika pale pale alipofika yeye. Siku ya pili asubuhi, mume wangu anakunywa chai, nilimuuliza, "Hiyo ngozi uliipeleka wapi?"

Aliweka kikombe chini. Akasema, "Chai imepoa," akatoka nje.

Tangu siku hiyo hakukigusa kisu. Kilikaa juu ya kabati miezi saba kikishika vumbi, na Jumapili zikapita jiwe likiwa kavu. Alipata kazi za kuokoteza, kiti hapa, godoro pale, akizikata kwa mkasi wangu wa nguo. Tuliongea kama wapangaji wawili. Mimi nilikuwa nikienda kwa mdogo wangu kulia. Naye sasa ndiye aliyekuwa kwenye meza ya kukatia, ile ile ya mume wangu. Alinikalisha kwenye kiti cha ngozi, kimoja kati ya vinne alivyosema amevivalisha kwa masalio ya karakana, akanishika bega. "Mtu hubadilika, dada," aliniambia. "Usijilaumu." Machozi yakidondokea kiti, aliyafuta upesi kwa kitambaa yasiache doa.

Kisha wifi yangu akaugua malaria, nikaenda kumsaidia kazi. Ilikuwa asubuhi, mdogo wangu yuko kazini, wifi amelala. Nilitaka kupiga deki sebuleni, nikapindua viti juu ya meza, miguu juu. Chini havikuwa vimefunikwa. Ncha za ngozi zilikuwa zinaning'inia kama kawaida ya mvivu wangu, na mimi, niliyekuwa nimeanza kutabasamu kwa kumkumbuka na uvivu wake, niliona kwenye unene wa ngozi ile ya kahawia mstari mmoja mwembamba, umekwaruzwa. Nikatazama kiti cha pili. Nikatazama cha tatu na cha nne. Nilipitisha ukucha, na ukucha ukafuata.

Nilikaa sakafuni kwenye maji ya deki. Nilikumbuka chungwa. Nilikumbuka kaenda kusalimia ukweni. Alikuwa ameniambia kisu kiko wapi, kwa mdomo wake, na nilikuwa nimecheka.

Mdogo wangu alirudi mchana kumwangalia mkewe, akanikuta bado nimekaa sakafuni na viti vimepinduliwa vyote.

"Dada, umeteleza?"

"Hii imekatwa na kisu gani?"

Hakujifanya haelewi, hilo nampa. Aliegemea mlango. "Changu kilivunjika siku ile," alisema. "Shemeji alikuwa anaondoka kwenda kupima viti kwa mteja, akaniachia chake. Mara moja tu. Sikujua watamfukuza, dada. Nilidhani watamkemea, mtu wa miaka mingi vile."

"Na ulivyosema hakiazimi?"

"Nilisema kweli. Hajawahi kumpa mtu." Akanitazama kwa macho yale yale aliyokuwa nayo akiwa na miaka minne, ameiba sukari. "Mimi kwani ni mtu? Mimi ndugu."

Nilimlea mimi. Hakuna tusi nililolijua ambalo lisingenirudia mwenyewe. Niliyakamua maji ya deki kutoka kwenye gauni langu, nikachukua kiti kimoja, nikakibeba begani mpaka nyumbani. Njiani watu waliniuliza kama tunahama.

Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba anashona godoro. Nilikiweka mbele yake, miguu juu. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ngozi, taratibu, kutoka kona hadi kona.

"Amekata vizuri," alisema. "Mkono haukumtetemeka."

"Kwa nini hukumtaja?"

"Nilimsubiri. Nilidhani atasema, juzi nilikuwa nacho mimi. Maneno manne tu. Aliposema vile alivyosema, nikakosa pumzi ya kubishana."

"Na mimi je? Mimi kwa nini hukuniambia?"

Alichomeka sindano kwenye godoro, akaiacha pale. "Nilitaka. Nikasema zipite siku mbili, maana ni ndugu yako, nitafute namna ya kulisema. Asubuhi yake ukaniuliza ngozi nimeipeleka wapi." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. "Nikaona kama wewe pia umefika huko, mwenye pengo lako kwenye kisu, basi hakuna aliyebaki wa kuambiwa."

Kesho yake nilikibeba kiti mpaka karakana, nikaeleza yote. Msimamizi alikuja nyumbani mwenyewe, akaomba radhi akiwa amesimama, akamwambia meza yake inamngoja. Mdogo wangu aliondoka kazini wiki hiyo hiyo, na kwake sijakanyaga tena. Mume wangu alimshukuru msimamizi, akamsindikiza mpaka barabarani, na hakurudi karakana. Anafanyia kazi hapa hapa nyuma ya nyumba, na wateja wanamfuata.

Mimi nilikishusha kisu kutoka juu ya kabati, nikakifuta vumbi, nikampelekea kimekunjwa, kama alivyonifundisha. Alikipokea. Alikigeuza mara mbili, akakifungua, akasikiliza kile kilio chake kidogo. Kisha akakikunja, akanirudishia mkononi. "Kaa nacho wewe," alisema.

Basi ninatembea nacho. Jumapili nakaa mlangoni na jiwe, nakinoa vibaya, nakitia mafuta, na hakuna anayenitania. Akiwa anashona na akafika mahali pa kukata, huniita. "Mama, niazime kisu chako." Nampa. Anakata, anakifuta kwenye suruali, mfuko wa kulia, pale kwenye kiraka, na kila mara nasubiri nione kama mkono wake utaingia ndani. Anakikunja, ananirudishia, anaendelea kushona.