Kocha Renzo na Mfuko wa Chumvi

Juzi, pale mtaa wa Viwanja Sitini, muuza duka mmoja alifungua kiroba cha chumvi ya mawe. Harufu yake ya unyevunyevu ikanipiga puani, nikaanza kucheka peke yangu mpaka akaniuliza kama nina homa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, golikipa wa timu ya watoto ya Katindiuka. Kocha wetu, Renzo, alikuwa Mwitalia aliyekuja kuchimba visima. Kwao alicheza ligi kuu hadi goti lilipoharibika. Picha yake akiwa na jezi ya mistari aliibandika kwenye gari, na watu wazima walitoka mbali kuja kuitazama. Mpaka leo utakuta pikipiki zimeandikwa Renzo, na kijijini Idete kuna wanaume wenye ndevu wanaoitwa jina hilo.

Siku mbili kabla ya fainali yetu na Idete, aliiona hirizi ambayo bibi alinishonea ndani ya bukta. "Mpira ni miguu! Siyo dawa!" alifoka, akanivua glavu mbele ya wenzangu. Fainali ningeitazama nikiwa nje. Nililia mpaka bibi akatishia kwenda kumroga.

Siku ya mechi niliwahi uwanjani kuliko wote, labda angenihurumia. Nikamkuta kocha amechuchumaa golini peke yake, anachota chumvi kwenye mfuko na kuinyunyiza mstarini, midomo ikimchezacheza. Mzungu! Fundi wa mashine!

"Shikamoo, kocha," nilisema, maana sikujua niseme nini kingine.

Aliruka kama aliyekanyaga nyoka. "Mara... marahaba."

"Kumbe na wewe una dawa?"

Akawa mwekundu kama nyanya. "Chumvi tu. Mimi bila hii sijacheza hata siku moja."

"Sasa mimi mbona ulinifukuza?"

Aliufunga mfuko, akaanza kupanga mipira. Nilijua nitachapwa. Lakini timu na wazazi walipofika, aliwakusanya, akawaonyesha ule mfuko. "Nilimfukuza golikipa, na kosa lake hata mimi ninalo," alisema. Kisha akanigeukia: "Nimekosa. Nisamehe." Akanivalisha glavu mwenyewe.

Uwanja mzima ulipigwa na butwaa. Mwalimu kumwomba mtoto radhi? "Huyu ana malaria," beki wetu alininong'oneza.

Tulifungwa mawili bila, yote yakinipita mimi, na hakuna aliyenizomea.

Utotoni nilidhani lile lilikuwa jambo jepesi kwake, kwa sababu alikuwa mkubwa na maarufu. Tangu hapo nimezunguka Tunduma, Kahama, Geita, nimewafanyia kazi mabosi wa kila namna, na lile neno "nisamehe" sijalisikia tena kwa mkubwa yeyote. Mwezi uliopita binti yangu alinisikia nikimwambia mtu kwenye simu kwamba nimeshafika Mikumi, nami nimejilaza kitandani hapa Ifakara. Jana yake nilikuwa nimemwadhibu kwa kusema uongo. Alisimama mlangoni, akanitazama.

Nikamtuma akaniletee maji ya kunywa.