Pumzi ya Wifi

Mwokaji alikuwa amemsamehe wifi yake mengi. Alimsamehe tabia ya kuonja mboga ikiwa bado jikoni na kutangaza kwamba chumvi haikukolea. Alimsamehe hata kumwita kaka yake, mume wa mwokaji, "mtoto wangu" mbele ya mwokaji mwenyewe. Lakini pumzi ile mpya hakuweza kumsamehe.

Wanawake hawa wawili waliutumia ujana wao mbele ya tanuri moja la kuni, nyuma ya duka la mikate la familia. Moshi uleule, vumbi lilelile la unga. Mapafu yalipoanza kuchakaa, yalichakaa pamoja, na kwa kukohoa walikuwa sare. Mmoja akianza, mwenzake anapokea, wateja wakatania kwamba duka lile lina kengele mbili. Kisha wifi akapasuliwa, akaondolewa sehemu ya pafu iliyoharibika. Sasa alipanda ngazi za nyumbani kwao huku akipiga soga, na akifika juu anachungulia: "Wifi, bado uko huko? Nikushushie kamba?"

Mume naye hakujua kunyamaza. "Umemwona dada? Anapanda kama swala!"

"Kaishi naye basi huyo..." Mwokaji aliishiwa pumzi kabla ya kulifikia neno "swala", na hilo likamuudhi kuliko sifa zenyewe.

Kwa hiyo siku ya kwenda kumwona daktari bingwa wa mapafu, alikwenda na shauri lililokwisha kukatwa: na yeye apasuliwe.

Kwanza alipimwa kutembea. Muuguzi alimbana kidude cha kupimia oksijeni kidoleni, akamwomba aende na kurudi kwenye korido kwa mwendo wake wa kawaida.

"Wifi yangu alifika wapi?"

"Mama, haya si mashindano."

"Najua. Alifika wapi?"

Muuguzi alitazama saa yake tu. Mwokaji akajifunga kibwebwe, akaondoka kama anayefukuzwa na mbwa. Njiani kurudi kidude kikaanza kulia, midomo ikamgeuka rangi, akaangukia kiti cha kwanza alichokiona. Kilikuwa na mtu. Alimwomba radhi kwa mkono, maana sauti haikuwepo.

Daktari bingwa, mwanamke wa umri wa binti yake, alimngoja mpaka kifua kitulie. Mume alikaa pembeni amekumbatia kofia.

"Nipasue, daktari. Kama wifi."

"Siwezi kumzungumzia mgonjwa mwingine, mama. Nikueleze yako. Upasuaji ule humfaa mtu ambaye ubovu umejikusanya mahali pamoja. Wako umetapakaa mapafu yote mawili. Nikikata, nitaondoa na kilicho kizima."

"Yaani mkate wa mwenzangu uliungua ukoko tu, wangu umeungua mpaka ndani?"

"Ila haujawa jivu."

Hata ugonjwa, aliwaza mwokaji, wifi kachaguliwa ule mzuri.

Daktari akamtajia mambo mengine. Asimame mbali na tanuri. Avute dawa yake ya kupuliza mpaka kifuani, si kuipulizia ulimini. Apate mtungi mdogo wa oksijeni wa kutembea nao. Na zaidi ya yote, aingie darasa la mazoezi ya wagonjwa wa mapafu, hapohapo hospitali.

"Si ndilo la dada!" mume aliruka. "Yeye ndiye husimama mbele kuwaonyesha wageni!"

Mwokaji alijiona na mrija puani, akiburuta mtungi nyuma ya mgongo wa wifi. Bora kisu.

"Na nikitaka kupasuliwa hivyohivyo?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Naweza kuwauliza wenzangu wa upasuaji. Mwili ni wako. Lakini sitakuficha: unaweza usitoke hai chumba cha upasuaji. Na ukitoka, unaweza kupumua kwa shida kuliko leo."

Mume aliinamia kofia yake.

Mwokaji akaiona maiti yake mwenyewe. Hilo halikumtisha sana. Kilichomtisha ni kumwona wifi amekaa safu ya mbele kabisa msibani, akilia. Na vile alivyo na pumzi sasa! Angelia mtaa mzima ukatoka nje, watu wakasema hakuna aliyempenda marehemu kama wifi yake. Naye angekuwa amelala hapo, hana la kujibu.

"Hapana," akasema. "Hilo simpi. Niandikie darasa."

Daktari hakuelewa ni nani asiyepewa, ila aliandika haraka.

Jumanne ya kwanza wifi alimpokea mlangoni mikono wazi. "Karibu, wifi! Kaa nyuma yangu, utajifunza. Pumua kama unapuliza chai."

"Chai naijua."

Wakaanza kuzunguka ukumbi. Mtungi ulikuwa na kigurudumu kinachopiga kelele, na mwokaji aliukazia macho mgongo wa wifi kwa chuki safi, hatua kwa hatua, akipuliza chai isiyokuwepo. Hakugundua kwamba alikuwa amekwenda mbali kuliko siku ile ya korido, na midomo haijageuka rangi. Alichogundua ni kwamba wifi amesimama dirishani, ameshika kizingiti, mabega yanapanda na kushuka.

"Umechoka, wifi?"

"Mimi? Nakusubiri wewe, kobe."

Mwokaji alikuwa na jibu, tena tamu, lakini lilikuwa refu kuliko pumzi aliyokuwa nayo. Akalihifadhi. Darasa linalofuata lilikuwa Alhamisi.